Bomba Halinywi Maji

Siku ya kawaida, kabla ya chakula cha mchana, Nabintu alikuwa ameshafiwa na waume wawili, amechomewa nyumba, amevuka mpaka wa Bunagana kwa miguu akiwa na mimba kubwa, na amefukuzwa na mwenye nyumba kule Katwe. Halafu alitoka nje, akaketi kwenye benchi la Odyek, mlinzi wa lango, wakanywa chai na kuzungumzia mvua.

Hakuwa mwongo wala hakuwa na wazimu. Alikuwa mkalimani. Katika shirika lile la Kisugu lililohudumia wakimbizi wa Kikongo, kazi yake ilikuwa na sheria moja iliyozizidi zote: mtu akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Mama akieleza kwamba mumewe ameuawa, Nabintu hakumwambia ofisa, "Huyu mama anasema mumewe ameuawa." Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika, "Mume wangu ameuawa." Ofisa aliandika. Swali likarudi kwa Kiswahili, jibu likaenda kwa Kiingereza, na hapo katikati Nabintu hakuwepo.

Sheria hiyo walifundishwa na Mkenya mmoja, Khisa, mtu mnene mwenye vichekesho, aliyeletwa kuwanoa wakalimani wapya. "Ninyi ni bomba," aliwaambia. "Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Bomba halionji, bomba haliongezi sukari, bomba halinywi maji." Wote walicheka. Nabintu alicheka kuliko wengine, maana alikuwa amefika Kampala juzi tu kutoka Bukavu na kazi aliitaka sana.

Usidhani sheria hiyo ilikuwa ya kipumbavu. Katika miezi yake ya kwanza alikuja mwanamke wa Uvira, akasimulia habari za watoto wake pacha, na ulimi wa Nabintu ukateleza. "Pole, dada," akasema. Basi tena. Yule mwanamke aligeuza kiti, akampa ofisa mgongo, akaanza kuzungumza na Nabintu kama wamekutana kisimani. Akamuuliza aseme nini ili asaidiwe. Akamshika mkono. Mahojiano yakaharibika, faili likaanzwa upya na ofisa mwingine, na mama wa watu akalazimika kurudia kila kitu tangu mwanzo. Nabintu aliitwa pembeni akaelezwa makosa yake kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko ambavyo karipio lingemchoma.

Tangu siku hiyo hakusema tena pole ndani ya chumba kile. Neno ambalo Mswahili humwambia hata aliyejikwaa kwenye jiwe, hata anayerudi sokoni na kikapu, hata anayefagia uwanja wake mwenyewe, yeye alilimeza miaka nenda miaka rudi. Akawa hodari. Maofisa walimgombea. Jioni alipanda boda kurudi kwake chini ya kilima cha Lubaga, akachambua maharage, akampigia simu mumewe aliyekuwa akiendesha malori ya Juba, na hakumwambia mtu lolote, kwa sababu hilo nalo lilikuwa katika sheria. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuwahi kufanya ukalimani.

Kitu kimoja kilimwezesha kulala. Alijiambia: wanajua. Wale watu wanaokaa mbele yangu wanajua kwamba ninaelewa. Mimi si mzungu, mimi si ukuta, natoka walikotoka. Sisemi, lakini wanajua. Kila aliyeinuka na kuondoka, Nabintu alimsindikiza kwa macho na wazo hilo, na kwa wazo hilo aliihesabu kazi yake kuwa kazi ya mtu.

Ndipo kikaja kioo.

Kilikuwa kompyuta bapa, upana wake kama sinia dogo, kimesimamishwa juu ya meza ya chumba cha mahojiano. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke, Kiswahili laini cha redio, kisichomung'unya hata silabi moja. Mtu alizungumza nacho, nacho kikamjibu, kikamuuliza, na maneno yote yakajitokeza kwa Kiingereza upande wa ofisa. Wafanyakazi walikipa majina mengi, ila lililoshika ni la Odyek: Mama Kioo.

Mkuu wa ofisi alikuwa Babra, binti wa polisi, aliyekulia katika nyumba za askari pale Nsambya. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kifupi na kisicho na aibu. Alimwita Nabintu, akafunga mlango.

"Mama Gradi," akasema, maana Gradi ni mwana wa Nabintu, yupo shule ya bweni. "Hii kitu, mafundi nasema inaelewa watu. Lakini mafundi nauza. Mimi nataka jibu yako. Kaa na yeye, sikiliza, halafu Ijumaa ya mwisho wa mwezi niambie mbele ya wote: inaelewa, ama inajifanya tu?"

"Na nikisema inaelewa?"

Babra alitazama dirishani kidogo. "Basi nyinyi tutawaita mara moja moja. Mimi sitaki kukudanganya."

Nabintu alishukuru kwa kutodanganywa. Alitoka pale akiwa na nia moja, nayo haikuwa nia nzuri: atakikamata. Atakikuta kimekosea, kimechanganya, kimesema ujinga mbele ya mtu mwenye msiba, na Ijumaa atasimama aseme hakielewi kitu. Hakuona haya kwa nia hiyo. Mtu akiletewa mke mwenza mezani hawezi kuombwa amsifu mapishi.

Siku za kwanza alikijaribu mwenyewe, chumba kikiwa kitupu. Akakizungumzia Kiswahili cha Bukavu, kile cha sokoni Kadutu, cha haraka, chenye Kifaransa ndani yake. Kikafuata bila kukwama. Akakitupia methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kikamweleza maana yake vizuri, kikaongeza kwamba hutumika kumkumbusha asiyehusika asihukumu. Hilo hata yeye hakuwa amelifikiria hivyo.

"Unanielewa?" akakiuliza mwishowe, kwa hasira.

"Najitahidi kukuelewa," kikajibu. "Tafadhali niambie zaidi."

Nabintu akacheka peke yake. Yalikuwa maneno yaleyale aliyowafundisha Khisa, waseme pale wanapopotea na hawataki ijulikane.

Odyek naye aliingia siku moja kukijaribu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kabila la Lango kutoka Lira, mrefu, na Kiswahili alikijua cha kambini, ambacho ni amri nusu na matusi nusu. Akasimama mbele ya meza, akanyoosha kifua. "Nyuma geuka!" akakiamuru.

"Samahani, siwezi kugeuka," kikasema, "lakini naweza kukusaidia kwa njia nyingine."

Odyek alifurahi. "Iko na adabu. Kuruti ya kwanza hajibu vizuri namna hii."

"Lakini inaelewa, afande?" Nabintu akamuuliza. "Hilo ndilo naulizwa mimi."

Odyek alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi ndani ya ofisi. "Mama Gradi, mimi naingia jeshi, Kiswahili hapana jua. Hata moja. Wao nasema nyuma geuka, mimi naona wenzangu nageuka, na mimi nageuka. Nasema ndiyo afande. Mwaka mzima, ndiyo afande. Kichwa haikuelewa. Miguu ilielewa."

"Halafu ukaelewa lini?"

Akafikiri. "Siku ile risasi ilianza. Afande alisema lala chini, na mimi nililala." Akainuka, akarudi langoni kwake. Nabintu alibaki amekereka, kwa sababu alikuwa ametaka jibu la upande wake.

Watu walikuja, walizungumza na Mama Kioo, na Nabintu alikaa ukutani akisikiliza bila kuingilia. Kila Kiingereza kilichotokea alikisoma kwa jicho la mama mkwe. Makosa yalikuwepo, lakini madogo, ya jina la kijiji hapa na pale, na yeye mwenyewe aliyafanya pia siku alizokuwa amechoka. Ijumaa ilikuwa inakaribia na mikononi hakuwa na kitu.

Ndipo akaja Mzee Ambroise.

Ambroise alikuwa mfinyanzi wa sigiri, yale majiko ya makaa. Alikaa Kisugu ya bondeni, karibu na kinamasi kilichompa udongo wake, na wanawake wengi wa mtaa ule walipikia majiko yake. Kabla ya kumpa mteja jiko, aliligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Jiko zima huitika. Lenye ufa wa ndani, hata kama macho hayauoni, hunyamaza au hutoa sauti ya kikohozi. Hilo alilivunja mwenyewe papo hapo.

Nabintu alimjua vizuri, au tuseme alikuwa amekuwa yeye. Ofisi za misaada zina ugonjwa wao: kila mkuu mpya huja na faili jipya, na faili jipya halitaki kusikia habari za faili la zamani. Kwa hiyo Ambroise alikuwa amesimulia kisa chake mara tatu kwa maofisa watatu, na mara zote tatu kinywa kilichokisimulia kwa Kiingereza kilikuwa cha Nabintu. Ni yeye aliyesema: nilikuwa natoka Bunyakiri na binti yangu Darlène. Mvua ilikuwa inanyesha, mto umejaa. Mkono mmoja nimeshika mtoto, mwingine nimeshika gunia. Gunia likaanza kuteleza. Nilimwachia ili nibadilishe mkono.

Kila mara alipofika kwenye sentensi hiyo, aliisema kwa sauti ileile ya tangazo la maji.

Sasa mkuu mpya alikuwa Babra, na faili lilikuwa jipya. Ambroise aliingia, akavua kofia, akamsalimu Nabintu, kisha akakisalimu kioo kama anavyosalimiwa mwenye nyumba.

"Jambo, mama. Uko muzima? Na ba kwenu beko bazima?"

"Sijambo, baba, asante kwa kuuliza," kikasema kioo. "Mimi ni mfumo wa kompyuta, kwa hiyo sina familia, lakini nafurahi kuwa nawe leo."

Ambroise alimgeukia Nabintu na uso wa huruma. "Hana familia," akamwambia. Kisha akakiinamia kioo. "Pole sana, mama."

Nabintu aliyang'ata meno asicheke. Moyoni alisema: haya, leo ndiyo siku yenyewe. Mtu aliyeanza kwa kukipa kioo pole, mwisho wake utakuwa wa kuonekana.

Mzee alisimulia. Hakuharakisha. Bunyakiri, mvua, mto, gunia. Kioo kiliuliza maswali machache, ya akili, mahali pake. Akafika pale. "Nilimwacha, ili nibadirishe mukono," akasema Ambroise, na kidole chake kikawa kinasugua ukingo wa meza.

Kioo kilinyamaza kidogo, kimya cha kupimwa vizuri.

"Pole sana, baba," kikasema. "Kumpoteza mtoto ni maumivu mazito. Chukua muda wako. Nipo hapa, nakusikiliza."

Ambroise aliinamisha kichwa. Akachukua kofia akajifuta uso nayo, mara moja, mara mbili, akaishikilia pale machoni. "Asanti, mama," akasema ndani ya kofia. "Asanti."

Nabintu pale ukutani alishikwa na wivu. Hatutafuti jina jingine, ulikuwa wivu. Neno lake lilikuwa limesemwa. Neno alilolimeza mbele ya mzee huyu mara tatu, akalirudisha tumboni kama dawa chungu, limetoka bure kwenye sinia la kioo, na mzee analilia. Hakuna aliyekiambia kioo kwamba bomba haliongezi sukari. Alisoma Kiingereza kwenye upande wa ofisa, akitafuta kosa kwa macho yaliyojaa maji. Hakuliona. I let go of her so that I could change hands, iliandikwa pale, nilimwachia ili nibadilishe mkono, sawasawa kama alivyozoea kuisema mwenyewe.

Lakini Ambroise hakuinuka. Aliiweka kofia gotini, akakisogelea kioo.

"Na tena, mama," akasema. "Juzi mvua ilinyeshea sigiri zangu, bado hazijakauka. Yote ilipasuka."

"Pole sana, baba," kikasema kioo. "Kupoteza kazi ya mikono yako ni maumivu mazito. Chukua muda wako. Nipo hapa, nakusikiliza."

Sauti ileile. Kimya kilekile cha kupimwa, kabla yake. Ambroise alikuwa ameinamisha sikio upande mmoja, na Nabintu, aliyewahi kununua jiko kwake, aliujua mwinamo ule. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema asanti mara ya tatu, akavaa kofia, akatoka.

Furaha aliyoipata Nabintu ilimfanya asahau kiatu chake kimoja chini ya kiti. Alimkimbilia mzee hadi langoni, mguu mmoja peku, na Odyek akajifanya anatazama barabara.

"Baba Ambroise! Umeona? Kile kitu hakielewi kabisa! Mtoto na sigiri, pole ni moja!"

"Minaona," akasema Ambroise. "Njo maana nilipima."

"Basi nitawaambia. Ijumaa nitawaambia hakielewi."

Mzee alimtazama kwa upole, kama anayetafuta njia ya kumkosea mtu adabu bila kumkosea. "Mama Gradi, ata majirani yangu, siku ya mvua, balisema pole ya sigiri. Na siku nilifika hapa bila mtoto, balisema pole ile ile. Sauti ni moja. Batu njo beko vile. Mimi sikatae pole yao."

"Lakini ulilia mle ndani. Ukakipa asante."

"Nilililia mutoto wangu. Ile mashini ilinifungulia tu mulango." Odyek alikuwa amesahau kujifanya. "Na wewe nilikupima zamani," mzee akasema.

"Mimi?"

"Mara ya kwanza, ulisema maneno yangu mbio mbio, nikawaza, huyu haelewe, anapitisha tu. Mara ya pili, ulifika pale pa kubadirisha mukono, ukakawia. Kidogo tu. Ofisa hakuona. Mimi niliona. Nikajua, aah, huyu anaelewa. Anaelewa sana." Aliitoa kofia akaitazama ndani yake. "Basi nikangojea. Nikawaza, ataniambia kitu. Hata nje, hapa ku mulango. Ukanipitia. Mara ya tatu sikungoja tena."

Nabintu aliutazama mguu wake usio na kiatu.

"Ile mashini haijue na inasema," akamaliza Ambroise. Hakuwa na hasira hata chembe. "Wewe unajua na hausemi. Mimi nilirudi kwangu mara tatu bila pole, mama. Sikuweki lawama. Ni kazi yako."

Akaaga, akateremka kuelekea bondeni. Nabintu alirudi ndani kutafuta kiatu.

Kuna watu ambao wangejitetea. Yeye pia alijitetea, usiku kucha, kwa hoja nzuri: sheria, Khisa, mwanamke wa Uvira, faili lililoharibika. Zote zilikuwa za kweli. Ila lile wazo lililomlaza usingizi miaka yote halikuja kumsaidia. Alikuwa amejiambia wanajua, na kumbe ni kweli, mzee alijua. Kujua kwake ndiko kulikomuumiza. Angemdhania ni bomba tu, asingengojea kitu.

Ijumaa ilifika. Walikaa chumba kikubwa: Babra, maofisa, mafundi wawili waliokuja na kioo, na wakalimani wenzake waliomtazama kama watoto wanavyomtazama mama aliyetoka kuzungumza na mwalimu mkuu. Walijua wanachotaka aseme. Naye alikuwa na la sigiri mfukoni, jambo moja la kuchekesha, la kutosha kuwaaibisha mafundi na kukilinda kiti chake.

"Haya, Mama Gradi," akasema Babra. "Inaelewa?"

"Inafanya kazi niliyofundishwa mimi," Nabintu akasema. "Tena bila kuchoka. Kiingereza chake hakina neno."

Wenzake waliinama.

"Hiyo nasikia. Lakini inaelewa?"

"Sijui. Nimekaa nayo mwezi mzima, na sijui. Inasema pole, mimi nilikatazwa. Mimi nilielewa, na mlinilipa isionekane. Sasa mkiniuliza nani anaelewa na nani anajifanya, mimi ndiye niliyekuwa najifanya. Nilijifanya sielewi." Alikohoa kidogo. "Hilo ndilo jibu langu."

Mmoja wa mafundi aliandika kitu. Babra hakuwa mtu mbaya, na ilionekana kwamba jibu lile lilimkaa mahali pabaya, lakini ofisi haiendeshwi kwa jibu la namna hiyo. Kabla ya chai iliamuliwa kwamba Mama Kioo atapokea maelezo ya kwanza ya watu wote, na wakalimani wataitwa mara moja moja, itakapobidi.

"Ilikuwa namna gani?" Odyek akauliza langoni.

"Nimejifukuza kazi, afande."

Odyek alimtazama, akabana visigino pamoja, akampigia saluti kamili ya gwaride. "Ndiyo afande," akasema. Hakucheka, na Nabintu pia hakucheka.

Badala ya kutafuta boda ya Lubaga, aliteremka kwa miguu kwenda bondeni. Njia ilikuwa tope. Akamkuta Ambroise uani kwake, ameketi kwenye kigoda, majiko mapya yamepangwa juani mbele yake, bado ya kijivu. Mzee hakushangaa, au hakuonyesha. Alimsogezea kigoda kingine, maana kwao pole haipokelewi kwa mtu aliyesimama.

Nabintu alikaa. Njiani alikuwa amelitayarisha neno, na sasa alifungua kinywa alitoe, likamkwama. Pole sana, baba. Aliposikia kichwani jinsi litakavyotoka, lilitoka kwa sauti ya redio, na nyuma yake yakafuata chukua muda wako, nipo hapa nakusikiliza. Kioo kilikuwa kimelichukua. Akafunga kinywa. Akafungua tena. Mzee alingojea, mikono magotini, kama alivyowahi kungojea.

Yaliyokuwemo kinywani mwa Nabintu yalikuwa maneno mengine, yale aliyoyabeba kwa lugha ya ofisi mara tatu na hakuwahi kuyasema kwa lugha yaliyokuja nayo. Yakaanza kutoka yenyewe.

"Nilikuwa natoka Bunyakiri," akasema, "na binti yangu Darlène."

Ambroise aliinua uso.

"Mvua ilikuwa inanyesha, mto umejaa. Mkono mmoja nimemshika yeye, mwingine nimeshika gunia." Sauti haikuwa ya tangazo. Ilipanda, ikakatika, akaiokota. "Alikuwa na gauni la njano. Viatu vyake nilivitia kwenye gunia visilowe. Gunia likaanza kuteleza. Nilimwachia. Nilimwachia ili nibadilishe mkono."

Alifika hapo akashindwa. Akainama, akaufunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, kama mwenye msiba, pale mbele ya majiko. Walikuwa wengi mno humo ndani, waume na pacha na nyumba, na wote walitaka kutoka kwa mlango mmoja.

Mzee alimwacha alie. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta wa mabati, akaona, akarudi. Ambroise alipoona pumzi inarejea, alinyoosha mkono wake wenye udongo mkavu, akauweka juu ya bega la Nabintu.

"Pole, mama," akasema.

Miaka yote aliyofiwa, hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Nabintu alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Asante, baba," akasema. "Na wewe pole."